Ombi lililofutwa kwa makusudi si hitilafu ya mtandao, acheni kuwatisha watumiaji

Ndugu waandishi wa programu, naomba mnivumilie, kwani nimekesha siku mbili nikirekebisha mfumo wa duka la dawa ulioandikwa na mtu aliyelipwa fedha yake yote, na hasira bado haijaniisha.

Muuzaji anapoandika jina la dawa kwenye kisanduku cha kutafutia, kila herufi hutuma ombi jipya kwa seva na kulifuta lililotangulia, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Kilichonichefua ni kwamba mwandishi amelihesabu kila ombi lililofutwa kuwa mtandao umekatika. Ukiandika "paracetamol", yenye herufi 11, maandishi mekundu ya "Hakuna mtandao" yanaweza kukurukia mara 10. Wauzaji wamekwisha kugombana bure na mtoa huduma wa intaneti.

Zamani kisingizio kilikuwepo. Kwa XMLHttpRequest, njia ya zamani ya kivinjari kutuma maombi kwa seva, ombi lililofutwa na lililokosa mtandao yote huonyesha hali 0, na anayeangalia hali hiyo pekee, bila kusikiliza tukio la abort (taarifa kwamba ombi limefutwa), hawezi kuyatofautisha. Fetch nayo, njia mpya ya kutuma maombi, ilipoingia kwenye vivinjari mwaka 2015 haikuwa na njia yoyote ya kufuta ombi. Lakini AbortController, zana ya kufuta maombi ya fetch, ilianza kupatikana mwaka 2017, na usipoipa sababu yako mwenyewe, kosa linalorudi lina jina lake, AbortError, ambalo mstari mmoja wa msimbo unatosha kulitambua. Ukitumia AbortSignal.timeout, inayoliwekea ombi kikomo cha muda, na muda ukaisha, jina ni TimeoutError, na kosa hilo ndilo la kumwambia mtumiaji.

Nilipomlalamikia, mwenzetu "alirekebisha" kwa kuweka catch tupu, yaani sehemu ya msimbo ya kushika makosa isiyofanya lolote, inayomeza makosa yote. Sasa mtandao ukikatika kweli, skrini hukaa kimya, na muuzaji humjibu mgonjwa kwamba dawa hiyo hawana.

Baya zaidi ni kitufe cha kughairi mauzo. Kinafuta ombi kwenye kivinjari na kutangaza "Mauzo yamefutwa", ilhali ombi huenda limeshafika, seva imeshapunguza idadi ya dawa stoo, na kilichoachwa ni kusubiri jibu tu. Mauzo yaliyokwisha kuandikwa hutenguliwa kwa ombi jingine linalotumwa kwa seva, wala hakuna abort itakayoifanya kazi hiyo.

Jumamosi tunahesabu upya stoo nzima kwa mkono, na ningependa kujua ni nani atakayeilipia kazi hiyo.