Tupeane uzoefu: dawa ya kuchanganya mwenyewe kwa nati iliyoganda kutu

Mwana_Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, jirani na Mwaloni. Kaka yangu ana mashine ya boti, ile ya nguvu farasi 15, inachemsha, na tunatakiwa tushushe mguu wake, ile sehemu ya chini inayoingia majini, tubadilishe pampu ya maji. Bolti zote zimetoka isipokuwa mbili. Mguu ni wa aluminiamu, bolti ni za chuma, na pale zinapoingia pameota unga mweupe kama chokaa. Nikiweka nguvu naiona kabisa bolti inajipinda. Ikikatikia humo ndani itabidi kutoboa na kuchonga nyuzi upya, na boti imelala mchangani wakati wenzake wanashusha dagaa kila asubuhi.

Dawa ya kopo ya dukani nimeimaliza na bei yake siiwezi tena. Naomba kila mmoja aseme alichochanganya mwenyewe, kwenye chuma gani, na kilikaa muda gani. Kama kilishindwa, tuambie pia, maana hapo ndipo tunapoumia.

Fundi_Toyo_Igoma

Pole mkuu. Mimi natengeneza pikipiki na toyo, zile za mizigo za matairi matatu, Igoma hapa. Nati ya ekseli ya nyuma ya toyo iliyobeba mchanga miaka mitatu ndiyo mwalimu wangu.

Nilianza na oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure. Haifai. Ni nzito, inakaa juu ya nati inang'aa tu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza kuizaa, kwa hiyo uwazi kati ya nyuzi umeshajazwa, na kinachoweza kupenya hapo ni kitu chepesi sana, kile kinachopanda chenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi. Oili inakuja baadaye, kwa ajili ya kulainisha nyuzi zinapoanza kusogea. Ndiyo maana unachanganya viwili.

Changanyo langu la kila siku ni mafuta ya taa nusu na oili nyekundu ya gia za otomatiki nusu. Siku ngumu natoa mafuta ya taa naweka asetoni, nusu kwa nusu. Hilo ni kali zaidi, lakini lina tabia mbili. Kwanza, asetoni na ile oili havikai pamoja, baada ya muda mfupi vinajitenga, kwa hiyo tikisa kila unapotaka kuchovya. Pili, asetoni inaruka haraka, chupa ikiachwa wazi unabaki na oili tupu. Nunua kwa wauza rangi. Ile ya kufutia kucha mara nyingi ina maji ndani.

Natumia bomba la sindano kudondoshea penye nyuzi, siyo kumwagia nati nzima. Natia jioni, nagonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo, siyo kwa hasira, mtikisiko tu ufungue njia. Natia tena kabla ya kulala, na tena alfajiri. Wateja wanataka dakika kumi. Mimi nawaambia waache chombo waje kesho, na nati nilizokata tangu nianze kusema hivyo ni chache mno.

Mama_Mashine_Kisesa

Wabeja fundi kwa maelezo. Mimi nina mashine ya kusaga. Bolti ndogo na nati ambazo zimeshatoka lakini zimejaa kutu sizitupi, nazilaza kwenye siki ya dukani usiku mmoja mpaka siku nzima. Siki ni tindikali, inaila kutu yenyewe. Asubuhi nasugua kwa brashi ya waya, nasuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ile tindikali, nakausha juani hapo hapo na kupaka oili. Mara ya kwanza niliacha zikauke zenyewe bila oili, jioni zimerudi rangi ya machungwa. Nililia.

Kwa nati ambayo bado iko kwenye mashine siki haijanisaidia, ni ya kulowekea. Na usiiweke kwenye huo mguu wa aluminiamu, kaka. Siki nayo hula aluminiamu.

Nansio_Boda

Mimi niliambiwa mafuta ya breki. Nikatia kwenye bolti za juu za pikipiki, yakachuruzika hadi kwenye tangi. Asubuhi rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa. Bolti nazo zilikuwa palepale. Msirudie.

Mzee_wa_Gereji_Nyegezi

Wanangu, mmesema ya vimiminika, lakini moto hamjautaja.

Bolti za egzosi za Hiace hazisikii dawa peke yake. Napasha nati kwa gesi mpaka iwe ya moto sana, nazima, naiacha ipoe kidogo, kisha nagusisha mshumaa pale inapokutana na bolti. Nta inayeyuka na inavutwa ndani, unaiona kwa macho inapotea. Ikipoa kiasi cha kushikika kwa spana, naifungua huku nikiirudisha. Robo mzunguko kwenda, nusu ya hiyo kurudi. Anayelazimisha upande mmoja tu anasaga kutu ndani ya nyuzi na nati inashika tena.

Sasa sikilizeni vizuri. Aliyetia asetoni au petroli asisogeze moto hapo. Mvuke wa asetoni unawaka hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, sembuse jua letu la Nyegezi. Kijana mmoja gereji ya jirani alitia petroli kwenye stadi za tairi, kisha akawasha gesi. Alipona, lakini mkono wake una alama mpaka leo. Chagua kimoja: dawa au moto. Ukitaka moto baada ya dawa, osha kwa sabuni, futa, acha mpaka harufu iishe.

Na wewe wa Kirumba, usiuchome huo mguu kwa gesi. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 na haibadiliki kuwa nyekundu ikakuonya, inaanguka tu. Chemsha maji. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo maji ya birika yanatosha kulifungua tundu.

Mtanga_Mwanza

Nakazia la mzee. Mimi nimetokea Tanga, kule bahari ina chumvi na aluminiamu ikikutana na chuma inaliwa kwa kasi kubwa. Hapa ziwani maji hayana chumvi, una nafasi nzuri. Kabla ya kufungua, jaribu kwanza kukaza kidogo sana. Ukisikia "tk", imeachia. Tumia spana ya ringi, siyo ile ya mdomo wazi, kona zisilike.

Mwana_Kirumba

Wakuu, nimerudi. Zimepita siku tatu.

Nilitia changanyo la asetoni na oili nyekundu jioni na alfajiri, siku mbili, kwa sindano, nikigonga taratibu. Siku ya tatu nikaosha kwa sabuni, nikafuta, nikasubiri harufu iishe. Kaka akawa anamimina maji ya birika kwenye mguu, mimi nimeshika spana ya ringi. Nilikaza kwanza kama alivyosema ndugu wa Tanga. Bolti ya kwanza ililia, nikarudisha, nikaenda, ikatoka nzima. Nyuzi zake zimejaa ule unga mweupe.

Ya pili imekatika. Bahati imeacha kipande kinachochungulia nje kama nusu kucha. Nimekitia dawa tena na sijakigusa. Fundi wa Igoma, kipande kama hicho unakishika kwa koleo la kujifunga, au nichomelewe nati juu yake? Naogopa moto wa kuchomelea na aluminiamu iko pale pale.

Fundi_Toyo_Igoma

Usichomelee bado. Kiache na dawa mpaka kesho jioni, asubuhi kigonge mara tatu nne. Halafu maji ya moto, na koleo la kujifunga likibana mpaka mwisho. Ukishindwa niite, nakuja na bomba langu la sindano. Na ukirudisha bolti mpya, zipake grisi kwenye nyuzi, usizirudishe kavu.