Waliopeleka maombi ya kujitenga NFD (Northern Frontier District, kaskazini mwa Kenya) mwaka 1962: wasaliti, au walijibu walichoulizwa?

Kijana wa Bulla
Wadau, tangu Rais atangaze kule Wajir Februari 2025 kwamba msasa wa vitambulisho (uchujaji wa ziada) kwa watu wa kaskazini umefutwa, neno moja nalisikia kila kona: "Hawa si ndio wazee wao waliandika barua waende Somalia? Leo wapewe kitambulisho kama karanga?" Haya, tuijadili hiyo barua. Mapema 1962 pale Lancaster House wajumbe wa NFD walimwambia Mwingereza peupe kwamba hawataki kuingia uhuru wakiwa ndani ya Kenya. Waziri wa Makoloni, Maudling, akawaahidi tume. Tume ikaja, watu wawili: Onyiuke wa Nigeria na Jenerali Bogert wa Canada. Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit, Isiolo, mabaraza kote, maandiko yakapokelewa, na swali lilikuwa hilo hilo: mnataka nini? Ripoti ya Desemba ikasema sehemu za Wasomali karibu wote wanataka kuondoka. Machi 1963 Sandys, mrithi wa Maudling, akatua Nairobi akatangaza mkoa wa saba ndani ya Kenya, kwisha maneno. Ninachouliza: serikali halali ya wakati ule ilimwita mtu barazani, ikamuuliza, akajibu. Usaliti umeingilia wapi?

Mzalendo Halisi
Serikali HALALI? Mkoloni? Ndugu, umejimaliza mwenyewe kwenye mstari wa mwisho. Wenzenu ndio kwanza wametoka msituni na kwenye vizuizi vya Lokitaung na Manyani, nyinyi mnamwandikia bwana mkubwa "tafadhali mheshimiwa". Na usaliti uliingilia kwenye bunduki. Wabera aliuawa na barua? DC (mkuu wa wilaya) Mwafrika wa kwanza Isiolo, Juni 1963, bendera yetu hata haijapandishwa. Mkipita barabara yake pale City Hall muwe mnainamisha kichwa. Uchaguzi wa Mei mkasusia. Na hadi leo mtu wa huko akipanda basi la Nairobi anasema "naenda Kenya".

Waso
Wabera muache apumzike. Alikuwa wetu kabla hajawa jina la barabara yenu. Aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dida, Mborana, na wote wawili walikuwa wakizunguka kuwashawishi watu wabaki Kenya. Malipo waliyopata watu wao? Miaka michache baadaye Isiolo nzima ikafungiwa kwenye manyatta za serikali, mifugo ikimiminiwa risasi mchana kweupe. Nyanya yangu alikuwa akisema kwamba ngamia akikutwa nje ya kambi hakuulizwa ni wa nani, aliitwa ngamia wa shifta, wale waasi wa kujitenga. Kwa hiyo ukimtaja Wabera, mtaje na ngamia.
Na hiyo "naenda Kenya", lami ya Isiolo–Moyale imekamilika zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Ulitaka tuseme tunaenda wapi?

Kijana wa Bulla
Waso yuko sawa, lakini asisahau kwamba Wako Happi, kiongozi wa NPPPP, chama kilichodai kujitenga, hakuwa Msomali. Alikuwa Mborana Mwislamu. Na kulikuwa na wengine hapo hapo kaskazini waliopeleka maombi ya kubaki Kenya. Tume ilisikiliza pande zote. Hakukuwa na "nyinyi" mmoja.

Mzalendo Halisi
Sawa, mlikuwa wengi. Ila tabia ni moja. Kila mtu wa pembeni mwa nchi hii alikuwa na kalamu. Wa kaskazini anataka Mogadishu, wa pwani anataka Sultani wa Zanzibar, na Mwambao yao, ule ukanda wa pwani wa maili kumi waliotaka ujitenge. Wa bara tukabaki kupigania nchi peke yetu.

Mvita Damu
Hapo umenigusa na mimi nilikuwa nasoma kimya kimya na kahawa yangu. Hakuna mtu wa Mwambao aliyeshika bunduki. HAKUNA. Ukanda wa pwani ulikuwa wa Sultani, Mwingereza aliukodi 1895, bendera nyekundu ilipepea Fort Jesus hadi 1963. Watu walidai haki iliyokuwa kwenye mkataba. Tena soma vizuri: Sir James Robertson alikuja 1961, akasikiliza, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Ripoti yake ikafuatwa. Onyiuke na Bogert wakasema wa kaskazini wanataka kuondoka. Yao ikatiwa kapuni. Tume ilisikizwa pale tu iliposema kile wakubwa walichokuwa wameshakipanga. Hilo ndilo la kujadili.

Kaya Asilia
"Watu walidai haki." Watu gani, bwana Mvita? Babu yangu alikuwa skwota kwenye shamba la mnazi la Mwarabu, akilipa ijara ili alale kwenye ardhi ambayo babu zake walizikwa. Yeye hakuwa mtu? Ronald Ngala, mwanasiasa wetu, na Wamijikenda waliipinga Mwambao kwa sababu walijua ikipita, mwenye hati ni yule yule. Mlitaka uhuru wa mabaraza ya mawe, si wa makuti.

Mvita Damu
Ngala alitaka majimbo, ambayo ni Mwambao iliyovaa shati jingine. Na usinipachike Mwarabu, mimi Mswahili wa Kibokoni, kwetu hakuna hata mnazi mmoja wenye hati.

Mbongo wa Arusha
Jamani majirani, mnagombana kama vile hayakuisha. Si Mwalimu Nyerere aliwakalisha Kenyatta na Egal, Waziri Mkuu wa Somalia, hapa kwetu 1967 wakapatana? Tuwatoze ada ya usuluhishi.

Waso
Kaunda wa Zambia ndiye aliyesuluhisha. Arusha mlitoa ukumbi.

Mbongo wa Arusha
Ukumbi na chai. Chai muiheshimu.

Mzalendo Halisi
Mvita, umekwepa. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar waliandikiana, mkapewa Mahakama za Kadhi mpaka kwenye Katiba. Mkalipwa kwa kunyamaza. Wa kaskazini hawakunyamaza ndio maana walipata hali ya hatari. Siasa ni hesabu.

Mvita Damu
Tulilipwa! Mahakama ya Kadhi ilikuwepo kabla ya babu yako kujua Mombasa iko upande gani. Huwezi kunilipa kwa koti langu mwenyewe.

Kaya Asilia
Hapo kwenye koti nakuunga mkono, ila turudi kwenye ardhi.

Tikuu
Mimi Mbajuni. Nimesoma hadi hapa nikingoja mtu ataje Lamu, hakuna. Basi nataja. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga askari na maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya tangu Desemba 1963 hadi Desemba 1967. Sehemu zilizoorodheshwa ni Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, TANA RIVER na LAMU. Lamu ilipeleka ombi gani kwa Onyiuke? Tume haikukanyaga. Bibi yangu aliondoka Ishakani, kijiji chetu cha Lamu, kwa mashua usiku, nyuma shifta wanachoma, mbele askari wanamuuliza kama mumewe anawapa shifta samaki. Waliporudi vijiji vya bara vilikuwa vichaka. Ambaye hakupeleka barua yoyote alipata adhabu ile ile ya waliopeleka. Sasa nielezeni usaliti ni nini.

Mzalendo Halisi
Pole kwa bibi, kweli. Lakini na nyinyi Wabajuni mko Kismayu, mko Lamu. Mguu huku mguu kule. Askari angejuaje?

Tikuu
Mguu sikuuhamisha mimi. Kismayu ilikuwa ndani ya Kenya hadi 1925, Mwingereza alipompa Mtaliano Jubaland yote kama zawadi ya vita. Babu yangu alizaliwa Kismayu chini ya gavana wa Nairobi. Mpaka ndio uliotembea. Mzee wa watu alikuwa ametulia na nyavu zake.

Kijana wa Bulla
Ahsante, Tikuu. Mzalendo, wewe unajua msasa ulivyokuwa? Nikuchoree. Meza moja chini ya mti, wazee wa ukoo kwenye benchi, ofisa mmoja na daftari. Mdogo wangu ana vyeti vyote vya shule, anaulizwa jina la babu wa babu, kisha lagha (mto wa msimu) ambako ukoo ulikuwa ukinyweshea. Akasema hajui, amekulia mjini. Akaambiwa arudi na kitambulisho cha babu. Babu alifariki kabla mdogo wangu hajazaliwa. Alimaliza kidato cha nne, akakaa bila chuo, bila laini ya simu kwa jina lake. Yote kwa sababu ya jibu alilotoa mtu mwingine barazani 1962.

Mzalendo Halisi
Na anayevuka mpaka wa Somalia pale Liboi usiku na kutoa kitu kidogo, yeye hupata kitambulisho kwa wiki. Msasa ulikuwa na sababu. Uliowaumiza wenyewe ulisimamiwa na wazee wenu wenyewe, si mimi.

Waso
Wazee hao waliteuliwa na nani? Endelea kukwepa.

Kaya Asilia
Mkimaliza vitambulisho tafadhali, swali kwa Tikuu: mashamba ya Ishakani leo yako kwa jina la nani?

Tikuu
Mengine yaliitwa ardhi ya serikali. Mengine tunasikia yana wenyewe Nairobi. Kila mkutano wa ardhi tunaambiwa tuje na ushahidi wa umiliki.

Mzalendo Halisi
Si mlete hati basi. Nchi inaendeshwa kwa karatasi.

Tikuu
Hati ndiyo tunayoiomba, bwana. Nikiwa nayo ningekuwa naomba nini?

Mvita Damu
Mwandikieni mheshimiwa barua 😂

Kaya Asilia
Cheka tu. Kwetu Kilifi tumeandika tangu enzi za Ngala, na aliye mbele yangu kwenye foleni ni mjukuu wa yule yule aliyekuwa akimtoza babu ijara. Anadai fidia.

Mvita Damu
Jina lake usiweke hapa, tafadhali. Ni jamaa yangu kwa upande wa mke.