Kijana wa Kidigo anataka ubatizo, ofisi inataka picha. Naomba ushauri

Mwinjilisti_Kwale
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mtu wa Bara, nahudumu upande wa Msambweni. Kuna kijana wa Kidigo, kwao Waislamu, tumekuwa tukisoma naye Injili ya Luka, sasa anaomba ubatizo. Ofisi yetu Nairobi inataka abatizwe ufukweni siku ya Pasaka, atoe ushuhuda kwenye kipaza sauti, apigwe picha za kutumiwa wafadhili. Mamake kamwambia: "Ya moyoni mwako ni yako. Usinivue nguo mbele za watu." Kijana hamkatai Kristo. Anamwonea huruma mama atakavyopita sokoni. Lakini Mathayo 10:33 inanikaba, pale Yesu anaposema atakayemkana mbele za watu, naye atamkana. Nifanyeje?

Askari wa Msalaba
Mtumishi, hapo hakuna mjadala. Leo anaficha ubatizo, kesho ataficha Biblia. Hadharani!

Mdigo wa Mkinga
Mimi Mdigo wa upande wa Tanga, nimeokoka nikiwa mtu mzima. Askari, kukana ni kuulizwa ukasema simjui, kama Petro. Nikodemo alikuja usiku na Yesu hakumfukuza. Siku ya maziko ndiye aliyeleta manemane (Yohana 19:39).

Mtumishi, umemtaja mama, mjomba sijamsikia. Kwetu ukoo ulifuata mama. Sheria ya Kiislamu imeleta urithi wa upande wa baba, lakini mjomba bado ana kauli. Kijana aende mwenyewe kabla ya maji, akae chini, amwambie kwa adabu. Wewe usitangulie, utaonekana umemteka. Mjomba akiambiwa faraghani, atakasirika nyumbani kwake. Akisikia sokoni, itabidi aonyeshe watu kwamba amekasirika, na hapo ndipo mtu hufukuzwa.

Tena msimhamishie Nairobi eti kwa usalama, labda awe anatishiwa kweli. Tangu Freretown, pale Mombasa wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipowaweka watumwa walioachiwa huru miaka ya 1870, wengi Pwani wameuona Ukristo kuwa dini ya mtu asiye na kwao. Kila mnayemhamisha anawathibitishia hilo.

Binti Ukunda
Mimi Muislamu, napita tu. Sifurahii kijana wetu kutoka kwenye dini, nisiwafiche. Ila hiyo picha ndiyo itakayoharibu. Bila picha ni msiba wa nyumba moja. Ikiingia kwenye makundi ya WhatsApp, kila mtu wa ukoo atalazimika kusema kitu. Na akishabatizwa, kukiwa na matanga kwao aonekane anachota maji na wenzake. Wengi wakiokoka hawaji hata kuzika. Hilo linatuuma sana.

Askari wa Msalaba
La picha nimekubali. Hadharani yangu ni mbele ya kanisa, wafadhili sikuwataja.

Mwinjilisti_Kwale
Asanteni, na dada Ukunda ahsante kwa kusema wazi. Mjomba yuko Lunga Lunga, kijana amesema ataenda Ramadhani ikiisha. Ofisini nawaandikia leo kwamba ufukwe hakuna na picha hakuna. Wakitaka kunihamisha, sawa. Limebaki moja: waumini wangu hapa wote ni wa Bara. Nani atasimama naye siku ya ubatizo?

Mdigo wa Mkinga
Nitavuka mpaka wa Horohoro nije. Nitumie namba yako inbox, na tarehe apange kijana, siyo ofisi.