Mrejesho: betri ya gari iliyokuwa ikiisha chaji usiku

Nawashukuru sana ndugu mlionijibu nilipouliza kwa nini betri huisha chaji usiku ilhali alteneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) inachaji vizuri, volti 14.2. Kusafisha terminali (vichwa vya betri) hakukusaidia. Kilichofanikiwa ni ushauri wa kupima mkondo wa umeme unaotoka kwenye betri kwa maltimita (kifaa cha kupimia umeme) gari likiwa limezimwa, kisha kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine: ilipotoka ya redio, miliampia 400 zilishuka hadi 30, kiwango cha kawaida. Waya wa redio unaopaswa kupata umeme ufunguo ukiwashwa tu ulikuwa umeungwa na ule unaopata umeme wakati wote, na fundi ameurekebisha. Betri yenyewe, hata hivyo, imeshadhoofika. Asubuhi husoma volti 12.2 badala ya 12.6, hivyo nitanunua nyingine. Mtakaopima, tafadhali subirini kama nusu saa baada ya kufunga milango, kwani kompyuta za gari huchelewa kulala, yaani kuacha kutumia umeme mwingi.