Ndege ya rimoti ya mbawa mbili kwa anayeanza, nichukue ipi?

mbezi_juu:
Wakuu habari za leo. Swali kwa wale wa ndege za rimoti, sio droni jamani, droni nimezichoka. Mi toka mdogo nazipenda zile ndege za zamani zenye mbawa mbili, moja juu moja chini na vijiti katikati, ile Stearman ya Wamarekani yenye mbawa za njano ndo inaniua kabisa. Kurusha sijawahi, nacheza tu PicaSim, ile gemu ya kurusha ndege za rimoti, kwenye simu na humo nimeshaangusha kama mia hivi. Sasa shemeji yangu anarudi toka Uingereza mwezi ujao kasema niagize kitu kimoja tu. Nimeona Pitts ndogo ya E-flite na kuna Tiger Moth za kama mita na kidogo. Nakaa Mbezi, gari sina. Naweza kuanza na hizo moja kwa moja au ndo najitafutia kilio?

fundi_pantoni:
Mkuu Pitts achana nayo kwa sasa. Ile imezaliwa kwa ajili ya sarakasi, ni fupi, nyepesi kugeuka, ukiilaza upande inabaki imelala hivyohivyo inakusubiri we uirudishe. Ndege ya kujifunzia ina bawa moja juu na ncha zake zimeinuka kidogo, ukiachia stiki yenyewe inajinyoosha, hiyo ndo inakupa muda wa kufikiri. Halafu hiyo Pitts ni ndogo mno, hata nusu mita haifiki, upepo wa Dar utaichezea kama mfuko wa nailoni wa enzi zile kabla ya 2019.

Tatizo la mbawa mbili ambalo watu hawasemi ni kutua. Mbawa mbili, vijiti, waya, magurudumu yananing'inia, vyote hivyo vinakamata hewa, kwahiyo ukikata moto wa mota haielei, inapoteza spidi palepale na kushuka. Mimi ya kwanza ilikuwa Tiger Moth, mzunguko wa tatu, Kigamboni, saa kumi na moja jioni, nikaona inakuja vizuri nikasema ngoja nizime mota itue kistaarabu. Ilikuwa juu kama paa la nyumba. Pua ikaenda chini kama mtu kasinzia kwenye daladala, puuu. Vijiti vya mbawa vilivunjika vyote, na mota nilivyoizungusha kwa kidole ikawa inasaga mchanga kama kinu cha kahawa. Ukitua na mbawa mbili unabaki na moto kidogo mpaka magurudumu yaguse, na mtu anayeanza mkono wake hauwezi hilo maana akiogopa tu anakata.

Agiza AeroScout, ni ya kujifunzia ya bawa moja juu, propela iko nyuma ya bawa so ukiingia puani haivunjiki kirahisi, na rimoti yake ina kitufe cha hofu, ukichanganyikiwa unabonyeza inajinyoosha.

dada_wa_tegeta:
Fundi unamtisha mwenzio bwana. Hiyo Tiger Moth ya kweli iliruka 1931 na ilikuwa ndege ya KUJIFUNZIA, marubani wengi wa Uingereza wa vita ya pili walianzia humo. Na kwetu huku mbawa mbili sio ngeni, 1915 Waingereza walirushia zao Mafia kuitafuta ile meli ya Wajerumani Königsberg iliyojificha Rufiji.

Ila nikubali kitu kimoja, kwenye Tiger Moth ya kweli mwanafunzi anakaa nyuma na mwalimu yuko mbele yake. Kwahiyo mbezi_juu kama roho yako iko huko chukua kubwa yenye jairo, kile kifaa cha kuituliza ndege hewani, sio ndogo, na tafuta mtu akae pembeni yako na rimoti ya pili iliyounganishwa na yako, mambo yakiharibika anachukua yeye. Na ujue Tiger Moth ukiigeuza kwa eleroni, vile vibao vya nyuma ya mbawa, peke yake pua inavutwa upande usioutaka, lazima usukani wa mkiani ufanye kazi, kidole gumba cha kushoto kisilale. Mi hilo lilinichukua miezi.

Muda pia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hewa imetulia, ikifika saa nne upepo wa baharini umeshaamka na miezi hii ya kusi ndo usiseme.

boda_na_bawa:
Mnasahau kasema hana gari 😂 mi nilibeba ya mbawa mbili kwenye bodaboda nimeikumbatia kama mtoto, Mwenge tu pale bawa la juu likamgonga trafiki begani. Kuifungua ili iingie kwenye boksi ni skrubu, vijiti, waya za eleroni, nusu saa, na skrubu moja lazima iingie kwenye nyasi. Ya bawa moja unafungua skrubu mbili umemaliza.

Betri mwambie shemeji abebe mkononi, sio kwenye begi la chini, na azibe ncha zake kwa selotepu. Ya seli 3 yenye mAh 2200 ni kama watt-saa 24, mashirika mengi ya ndege mwisho ni 100 so haina shida. Ukifika nayo usiiache kwenye jua, inavimba kama chapati. Na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ndo wenye anga, ulizia kwao kabla hujarusha, na kule Kipawa karibu na uwanja wa ndege usithubutu hata kuitoa kwenye boksi.

mbezi_juu:
Dah. Dada nilikuwa naelekea kwako kabisa ila hilo la trafiki limenimaliza. Basi AeroScout, Stearman nabandika picha ukutani kwanza. Fundi, mbele ya safari mota na vyombo vyake vya ndani siwezi kuvihamishia kwenye mbawa mbili ya kutengeneza mwenyewe?

fundi_pantoni:
Unaweza, mi yangu ya sasa nimekata kwenye ile nyeupe nyepesi inayokuja kwenye boksi la TV, ni mbaya kuitazama lakini inaruka polepole na ikianguka ni gundi ya moto tu. Ikifika njoo Kigamboni jumamosi nikukalie pembeni. Panda pantoni ya saa kumi na mbili, ukija na ya saa tatu tutaishia kunywa chai.

mbezi_juu:
Toka Mbezi saa kumi na mbili niwe Magogoni?? Sawa mkuu, chai nabeba mimi.