Laini moja ya simu: faksi na kifaa cha kufuatilia ghala baridi vinagombana, naomba ushauri

ParachichiRungwe
Wakuu salaam. Niko Rungwe, bondeni ukishuka kutoka Tukuyu. Tuna ghala baridi la parachichi, mali ya kikundi chetu cha wakulima. Laini ya simu ya waya ni moja tu, na imefungwa faksi. Kabla hamjauliza: ndiyo, faksi bado tunaitumia. Benki inapokea maelekezo yetu ya malipo yenye saini kwa njia hiyo, na kuna mnunuzi ambaye oda zake zote zinakuja kwa faksi. Kwa hiyo kuitupa hapana, si mwaka huu.

Sasa tumenunua mitambo ya baridi iliyotumika kutoka Uholanzi. Imekuja na kisanduku cha kurekodi joto chenye modemu ya simu ya kawaida ndani yake. Kinafanya kazi mbili. Joto likipita kiwango, kinapiga simu kwenye kompyuta ya fundi wetu Dar na kumwaga taarifa. Na fundi naye akitaka, anakipigia yeye na kusoma rekodi. Parachichi aina ya Hass tunaiweka nyuzi 5 hadi 6, likipanda usiku kucha bila mtu kujua, asubuhi tunaongea lugha nyingine na mnunuzi.

Tatizo: fundi akipiga, faksi inawahi kupokea na kumpigia mluzi sikioni. Tukiichelewesha faksi ipokee baadaye, modemu ndiyo inawahi, na mnunuzi anasema faksi zake hazipiti. Laini ya pili tumeomba, tumeambiwa jozi za waya kwenye nguzo zimekwisha. Mtandao wa simu za mkononi hapa ghalani ni wa kubahatisha, unapanda mtu kwenye kreti ndiyo unaongea.

Nimeona mtandaoni kuna kisanduku kinachodai kutenganisha simu za faksi na za modemu. Kuna aliyewahi kukitumia?

Kijana_Soweto_Mbeya
Mkuu hiyo faksi ipeleke makumbusho, wakulipe kiingilio.

ParachichiRungwe
@Kijana_Soweto_Mbeya nilijua tu ungekuja. Karibu ghalani uchukue parachichi, ushauri wako nimeupokea.

MakambakoStoo
Mimi ninacho, kinafanya kazi, ila ujue kinavyofanya usije ukakilaumu bure.

Simu ikiingia, kisanduku ndicho kinachopokea, siyo faksi wala modemu. Kinasikiliza. Mashine ya faksi inayopiga yenyewe hutoa mlio wa CNG: hezi 1100, nusu sekunde, kimya sekunde tatu, tena nusu sekunde, hivyo hivyo mpaka ijibiwe. Kisanduku kikiusikia kinaipeleka simu kwenye tundu la faksi. Kisipousikia kwa sekunde kadhaa kinahesabu kwamba huyu ni mwingine, kinaipeleka kwenye tundu la modemu.

Kasoro zake ni hizi. Kuna mashine za zamani ambazo mtu akipiga namba kwa mkono hazitoi CNG. Hao wote wataangukia kwenye modemu yako. Pili, simu imeshapokelewa, kwa hiyo mpigaji anakatwa hela kuanzia hapo hata kama anasikia tu mlio wa kuita wa bandia. Tatu, modemu ya fundi inaanza kuhesabu muda. Isipomsikia mwenzake inakata. Mwambie aongeze S7 (sekunde ambazo modemu inasubiri kujibiwa) kwenye modemu yake, aweke 60 au zaidi. Baadhi ya visanduku vinakubali namba ya siri: fundi anaandika namba ya simu, koma kadhaa (kwa kawaida kila koma ni sekunde mbili za kusubiri), halafu tarakimu za kukiamuru kisanduku kimpe modemu moja kwa moja. Kama chako kina hiyo, itumie, usitegemee kukisia.

DadaMafinga_IT
Kaka, swali kabla hujanunua chochote. Hiyo simu inakuja kwa waya kutoka kwenye nguzo kweli, au ni kile kisanduku cha mezani chenye antena? Na kwenye laini hiyo hiyo kuna intaneti?

Nauliza kwa sababu kama ni ya antena, modemu ya kawaida haitaongea hapo, sauti imeshabanwa. Na kama kampuni imewahamishia kwenye faiba kwa kifaa cha kugeuza sauti, faksi inaweza kupita kama wamewasha T.38 (njia ya kupitisha faksi kwenye mtandao wa data), lakini T.38 ni ya faksi tu, modemu yako haihusiki nayo. Hiyo itategemea sauti ipite bila kubanwa (G.711), nayo hukwamakwama.

ParachichiRungwe
Waya kutoka nguzoni, dada. Shaba. Intaneti hakuna kwenye laini hiyo. Simu ya mezani ya kawaida ikichomekwa inaongea hata umeme ukiwa umekatika.

DadaMafinga_IT
Basi uko salama upande huo. Lakini umeme wa laini (volti 48 hivi kutoka kwenye mtambo wa simu) unaendesha simu ya mezani tu. Modemu na kirekodi vinahitaji umeme wao. Umeme ukikatika kompresa zinazima na modemu nayo inazima, yaani alamu inakufa saa ile ile inayotakiwa. Weka betri.

MzeeWaWaya
Kamwene wote. Nimefanya kazi za simu miaka mingi, sasa nimestaafu niko Iringa. Mnaharakisha kununua kisanduku, na hakuna aliyeuliza nani anampigia nani.

Tazama, kijana. Faksi yako kazi yake kubwa ni kupokea. Kirekodi kazi yake kubwa, ile ya kukuokoa, ni kupiga. Mmoja anangoja simu ziingie, mwingine anatoa simu nje. Hao hawana ugomvi. Ugomvi umeuleta fundi wako anayetaka kukipigia kirekodi. Kwa nini apige yeye? Kirekodi kipangwe kimpigie chenyewe kila usiku, saa ambayo hakuna anayetuma faksi, kimwage rekodi za siku nzima. Modemu izimwe kupokea kabisa (S0=0). Simu zote zinazoingia ni za faksi, basi, na hakuna cha kutenganisha.

Na kuna faida ambayo kisanduku hakikupi. Ile simu ya kila usiku ni dalili ya uhai. Isipofika, fundi anajua asubuhi kwamba waya umekatwa, au modemu imekufa, au betri imekwisha. Sasa hivi, kirekodi kikikaa kimya mwezi mzima, unajuaje kama ni joto zuri au ni laini imekufa?

Jambo la pili ni mpangilio wa waya. Kirekodi kiwe cha kwanza kutoka nguzoni, faksi nyuma yake. Modemu nyingi zina matundu mawili, moja la laini na moja la simu. Kwenye modemu nzuri, ikianza kupiga inakikata chochote kilicho nyuma yake. Kwenye modemu za bei ya chini yale matundu mawili yameunganishwa tu ndani, hayakati kitu. Pima: chomeka simu ya mezani tundu la nyuma, kirekodi kimpigie fundi, vikishaunganishwa inua mkono wa simu. Ukisikia makelele ya modemu, basi haikati, na itabidi uweke rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuikata faksi kirekodi kikitaka kupiga alamu.

BaridiUyole
Mzee shikamoo. Mimi nafunga mitambo ya baridi, niruhusu nikupinge kidogo. Hiyo ya kuikata faksi katikati ni hofu tu. Ghala lililojaa tunda halipandi joto kwa dakika kumi. Tani za parachichi zilizo nyuzi 5 zina ubaridi wake zenyewe. Faksi ya kurasa kumi itamalizika, kirekodi kitajaribu tena baada ya dakika tano, na hakuna kilichoharibika. Kinachohitajika ni kupanga kirudie kupiga, siyo kununua rilei.

MzeeWaWaya
Marahaba. Kuhusu kurasa kumi uko sahihi kabisa. Wala siyo faksi ninayoiogopa, ni mkono wa simu. Karani anaongea Jumamosi mchana, anauweka vibaya juu ya faksi, anafunga ofisi. Laini imekaa wazi mpaka Jumatatu. Kirekodi kitarudia kupiga mpaka kichoke, toni haipo. Kikiwa mbele na kinakata, kinaachia laini kwanza, mtambo wa simu unaona mtu ameweka chini, toni inarudi, kinapiga. Nimeyaona haya kwenye viwanda vya chai kabla simu za mkononi hazijazaliwa.

Ila ongeza hili: kikikata faksi inayoingia, laini haiachiwi papo hapo. Mitambo mingi ya simu humsubiri aliyepiga ndiye akate, au muda upite. Kwa hiyo kurudia kupiga, kama ulivyosema, ni lazima hata hivyo.

ParachichiRungwe
Mzee shikamoo, na ndaga fijo kwa somo. Nimeongea na fundi. Kupigiwa usiku amekubali, anasema programu ya kirekodi inaruhusu. Lakini anang'ang'ania abaki na njia ya kuingia yeye, kwa ajili ya kubadilisha viwango vya alamu tukibadilisha aina ya tunda.

MakambakoStoo
Hapo ndipo kisanduku kinarudi sasa 😄

MzeeWaWaya
Marahaba. Hapana, hakijarudi bado. Angalia kwenye kitabu cha kirekodi kama kina ile ya kupigiwa mara mbili. Fundi anapiga, anaacha iite mara moja, anakata. Ndani ya dakika moja anapiga tena. Kirekodi kinatambua mtindo huo na kupokea mlio wa kwanza, kabla ya faksi. Faksi iweke ipokee mlio wa nne. Vifaa vingi vya alamu vya zama hizo vilikuwa nayo kwa sababu ya watu wenye mashine za kurekodi ujumbe. Haigharimu senti.

Kama hakina, kuna njia nyepesi kuliko zote: siku anayotaka kubadilisha viwango, akupigie simu ya mkononi, wewe panda kreti lako umsikie, kisha uchomoe faksi na umwashie modemu ipokee. Anabadilisha viwango mara ngapi kwa mwaka?

BaridiUyole
Kreti 😂😂

MwanaKiwira
Mmesahau radi. Rungwe hii, mvua zikianza Novemba, waya wa shaba uliopita kwenye nguzo mita mia kadhaa unaleta kila kitu ndani. Kinga ya radi iwekwe pale laini inapoingia jengoni, kabla ya kirekodi, siyo kwenye faksi. Na waya wake wa athi uende kwenye athi ile ile ya umeme. Mkichimba fimbo mbili tofauti, radi ikipiga jirani zinakuwa na volti tofauti na modemu ndiyo inakuwa daraja kati yake. Modemu inaungua kila msimu na watu wanalaumu kampuni ya simu.

Kijana_Soweto_Mbeya
Haya nikiwa serious sasa. Kwa nini asiweke modemu ya SIM na antena ya nje? Ile ya mtindo wa mfupa wa samaki, juu ya bomba, inaelekezwa kwenye mnara. Alamu inahitaji SMS moja tu, siyo 4G. Kwenye kreti kukiwa na mtandao, basi mita sita juu ya paa upo zaidi.

DadaMafinga_IT
Hoja nzuri hiyo, na gharama siyo kubwa. Tatizo ni kwamba kirekodi chake cha zamani kinajua kupiga modemu tu. SMS utahitaji kifaa kingine kinachosoma mguso wa alamu, yaani swichi inayojifunga alamu ikitokea. Virekodi vingi vya aina hiyo huwa na rilei ya alamu kwenye skrubu za nyuma, wala huhitaji kugusa programu yake.

BaridiUyole
Naunga mkono, ila kama njia ya pili. Waya na mnara ni nadra vikafa pamoja. Na SMS imfikie mtu aliye Tukuyu, siyo Dar. Fundi wa Dar akijua saa nane usiku kwamba kompresa imezima, atafanya nini zaidi ya kukupigia wewe?

ParachichiRungwe
Hilo la mwisho limeniingia. Mlinzi wetu ana simu na anaishi mlimani ambako mtandao upo, lakini hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Marejesho: nimefanya kile kipimo cha mzee. Makelele yamesikika, kwa hiyo modemu yetu haikati. Kirekodi hakina ile ya kupigiwa mara mbili, au kitabu chake kwa Kiholanzi kinaificha. Simu ya usiku imepangwa saa nane, imeanza kufika. Faksi imeachiwa simu zote zinazoingia, na mnunuzi amethibitisha zake zinapita.

Swali lililobaki: hiyo rilei ya kukata naipata wapi?

MzeeWaWaya
Usiitafute kwa jina la simu. Nenda kwa wanaofunga alamu za wizi, Mbeya mjini wapo. Alamu za wizi zinazopiga simu zina tatizo lile lile, mwizi anainua mkono wa simu ili zisipige, kwa hiyo wao wanafunga kifaa chao mbele ya simu zote. Mwambie unataka laini ipite kwenye rilei yenye miguso miwili, waya zote mbili za laini zikatwe, siyo mmoja. Rilei iendeshwe na alamu ya kirekodi kwa betri.

Kisha ijaribu kabla ghala halijajaa. Mtu atume faksi ndefu kuja kwako. Ikiwa katikati, chukua kihisio cha joto ukitumbukize kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, ushike saa, uone fundi anapata taarifa baada ya dakika ngapi. Halafu rudia mkono wa simu ukiwa umewekwa pembeni. Halafu rudia umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu.

ParachichiRungwe
Nitafanya yote matatu. Faksi ndefu haina shida, mnunuzi ana masharti ya ubora ya kurasa nyingi ambayo kila msimu anatutumia upya bila kuombwa. Safari hii nitamwomba.