Simu inazima kioo ukianza kuongea na hairudi: tupeane uzoefu, nani alipona na alifanyaje?

Mleta mada:

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa wale ambao wakipiga simu tu kioo kinakuwa cheusi na hakirudi. Simu inaita, mtu anapokea, mnaongea vizuri, lakini ukitaka kukata, kuweka spika ya nje au kubonyeza namba huoni kitu. Unabaki unamwomba mwenzako akate yeye. Ukipiga huduma kwa wateja ndiyo balaa kabisa: "kwa Kiswahili bonyeza moja", na hiyo moja yenyewe iko gizani.

Yangu ni Android ya bei ya kati, inaingia mwaka wa pili. Haijaanguka, haijaingia maji. Fundi wa hapa mtaani kaiangalia juu juu akasema kioo kimekufa, nilete hela. Sasa kioo kilichokufa kinaonyeshaje mpira dakika tisini bila kukwama, halafu kife nikipiga simu tu? Sijatoa hela, nimekuja kwenu kwanza. Andika simu ilikuwa na dalili gani, ulifanya nini, na ikapona au la. Hata ambao hawakufanikiwa waandike.

FundiMkaaKona (Kariakoo):

Mkuu, kioo chako ni kizima. Kinazimwa.

Juu ya simu, jirani na spika ya sikioni, kuna sensa ya ukaribu. Ina kitaa kidogo kinachotoa mwanga usioonekana kwa macho, na pembeni yake kuna kijicho cha kuupokea ukirudi. Ukiweka simu sikioni, mwanga unagonga shavu na kurudi, simu inajua uso umefika, inazima kioo na mguso wake ili shavu lisikate simu wala kubonyeza kimya, yaani kile kitufe cha kuzima sauti yako. Ukiitoa sikioni mwanga haurudi, kioo kinawaka. Tatizo ni kwamba sensa haijui shavu ni nini. Chochote kinachorudisha mwanga kwake ni shavu: uchafu, gundi, protekta, kioo kilichofungwa vibaya.

Fanya hivi kabla hujampa mtu hela. Shika simu mkononi, mbali na uso, ucheze voisi ya WhatsApp. Ikiwa sauti inahamia yenyewe kwenye spika ya sikioni na kioo kinazima, basi ni sensa, kwa sababu WhatsApp inaitumia hiyo hiyo kujua kama umeweka simu sikioni. Voisi ikicheza vizuri na giza likaja kwenye simu za kawaida peke yake, shuku programu: za kurekodi simu, za kutambua namba, za kufunga kioo. Washa simu kwenye hali salama, ambayo haifungui programu ulizoweka mwenyewe, kisha upige. Ikipona humo, anza kuondoa programu moja moja, ukianzia na ile uliyoweka karibuni.

Wenye Samsung, pigeni *#0*# mfungue sehemu ya sensa. Ukifunika juu kwa kidole simu inatetemeka na rangi inabadilika. Wenye Xiaomi ni *#*#6484#*#*, inaleta orodha ya vipimo. Kama inasema kuna kitu karibu wakati hakuna kitu, umeshapata jibu.

Sangara_mbichi (Mwanza):

Mimi ilikuwa protekta. Nilibandikiwa barabarani, zile za kioo zenye ukingo mweusi kuzunguka pande zote. Ilipendeza kweli. Jioni yake mama ananipigia, nikapokea, giza. Nikadhani chaji.

Kilichonichanganya ni kuwa tatizo lilikuwa linakuja na kuondoka. Asubuhi simu nzima, mchana imekataa. Nilikuja kugundua ule ukingo mweusi ulikuwa umekaa upande kidogo, umefunika nusu ya sensa, na hewa ilikuwa imeingia chini yake. Nikiibonyeza pale juu kwa kidole inakaa sawa kwa muda, ikiachia hewa tatizo linarudi. Nilibandua yote, nikafuta kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo kuondoa gundi, imekwisha. Siku hizi nikinunua protekta naiweka kwanza juu ya simu kabla haijabandikwa, naangalia tundu la juu kama limekaa panapotakiwa. Muuzaji anakasirika, akasirike tu.

Jua_la_Luthuli (Nairobi):

Yangu ilianza siku nilipobadilisha kioo. Kabla ya hapo ilikuwa sawa kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuniambia ni programu. Nilirudi kwa fundi aliyeifunga akaniambia ni "software" na tuireset yote. Picha zangu zote zingeenda! Nikakataa, nikapanda ngazi za jengo lingine hapo Luthuli Avenue, kwa kijana mmoja mpole sana.

Akaifungua mbele yangu. Kumbe kati ya kile kitaa na kile kijicho huwa kuna kiraba cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele, na fundi wa kwanza hakukihamisha kutoka kioo cha zamani. Bila hicho kiraba, mwanga wa kitaa hautoki nje. Unagonga kioo kwa ndani na kurudi moja kwa moja kwenye kijicho. Simu inaona shavu saa zote. Kijana akachomoa kiraba kutoka simu mbovu iliyokuwa mezani, akakiweka, akafuta alama za vidole ndani ya kioo, akafunga. Malipo yalikuwa ya kunywa chai.

Ushauri: ukibadilisha kioo, mwambie fundi akurudishie kile cha zamani. Vitu vidogo huwa vinabaki humo.

FundiMkaaKona (Kariakoo):

Huyo kijana ni fundi. Naongeza kwamba kuna vioo vya kopi ambavyo rangi nyeusi ya ukingoni imepakwa hadi juu ya sehemu ya sensa, au kile kidirisha chake ni kizito mno. Hapo hata raba haisaidii, kioo kirudishwe dukani. Ndiyo maana mimi naunganisha kioo kipya kwa waya kabla ya kukigandisha, napiga simu, nafunika na kufunua mbele ya mteja. Fundi asiyekubali kupima kabla ya kugandisha, ondoka.

Wenye iPhone za kutambua sura, kuweni makini zaidi. Kwenye matoleo kadhaa waya wa spika ya sikioni umebeba pia sensa hizi, na vipande vyake vimefungamanishwa na simu yako. Mtu akikuwekea waya wa simu nyingine giza linaweza kwisha, lakini Face ID nayo ikaondoka.

Bi_Karafuu (Unguja):

Assalaam alaykum jamani. Mie naongea simu nimeichomeka ndani ya mtandio, mikono iko kwenye unga. Wanawake wenzangu wananielewa. Basi kioo kuwa cheusi humo ndani ni haki yake, kitambaa kimeigusa sensa. Lakini yangu ilikuwa nikiitoa bado nyeusi.

Mwanangu akaichukua akaimulika kwa tochi pale juu kwenye spika. Poda! Poda na mafuta ya uso vimeshikana na jasho, vimefanya ukoko. Akasugua taratibu kwa mswaki laini mkavu, kisha kitambaa chenye spiriti, si maji. Ikarudi saa ile ile. Sasa kila Ijumaa nikisafisha nyumba na simu nayo naifuta. Msitumie sindano, kule ndani kuna wavu mwembamba unatoboka.

Mgeni_wa_Ruwi (Muscat):

Ndugu zangu, someni na hii maana mimi nilihangaika kutafuta kijicho cha sensa kwenye simu ambayo haina kijicho.

Simu nyingi za sasa zenye kioo kilichojaa hadi juu hazina ile sensa ya mwanga. Zinatumia sauti. Spika ya sikioni inatoa mlio mkali ambao sikio la binadamu halisikii, maikrofoni inasikiliza mwangwi wake, na simu inachanganya hilo na namna unavyoinyanyua mkononi ili ikisie kama imefika sikioni. Xiaomi Mi MIX ya 2016 ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuza kitu hicho, baadaye njia hiyo ikasambaa kwenye simu za bei nafuu kwa sababu inapunguza kifaa kimoja.

Kwa hiyo kwenye simu kama yangu, kufuta kioo hakusaidii kitu. Kilichosaidia ni kusafisha wavu wa spika na tundu dogo la maikrofoni la juu, ambalo kava langu lilikuwa limeliziba. Nilivua kava, nikapiga simu, kioo kikawaka nilipoitoa sikioni. Nikakata lile kava kwa wembe pale juu. Bado mara moja moja inasinzia, hasa nikiwa mahali penye kelele, lakini naishi nayo. Kwa maoni yangu hii teknolojia ni ya kubana matumizi na anayelipa ni mteja.

nywele_zangu (Arusha):

Mimi nina kinyume chake, sijui kama naruhusiwa humu. Kioo HAKIZIMI. Naongea, shavu linabonyeza kimya, mtu anaanza "haloo, haloo". Fundi mmoja aliniambia nywele nyeusi zinameza ule mwanga badala ya kuurudisha, na mimi huwa naachia nywele zinafunika sikio. Nikizirudisha nyuma, kweli, kinazima.

Zee_la_Nokia (Dodoma):

Unaruhusiwa binti, ni ugonjwa ule ule umegeuzwa. Na si mgeni. iPhone 4 ilipotoka mwaka 2010 watu walilalamika mashavu yao yanakata simu na kubonyeza kimya. Tarehe 16 Julai Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alipowaita waandishi kuzungumzia tatizo la antena ya simu hiyo aligusia na sensa, na iOS 4.1, sasisho la programu ya iPhone la Septemba mwaka huo, ikaja na marekebisho. Maana yake wakati mwingine kasoro iko kwenye kipimo kilichowekwa na programu, sensa yenyewe nzima. Simu yako ikiletewa sasisho, ipokee kabla hujaenda kwa fundi. Na kama tatizo limeanza mara tu baada ya sasisho, angalia kama kuna jingine limefuata.

Kaka_Bodaboda (Tanga):

Mimi sikupona. Simu ilianguka kwenye maji ya mvua, ikakaushwa, kila kitu kikarudi isipokuwa sensa. Nimeulizia kipuri, hakipatikani kwa toleo langu. Basi nawapa mbinu za kuishi nayo.

Ya kwanza, ingia mipangilio, sehemu ya ufikivu, utafute chaguo la kukata simu kwa kitufe cha kuwashia. Ukiliwasha, ukimaliza kuongea unabonyeza kitufe, simu inakatika, hata kama kioo ni giza. Baadhi ya simu, ukiwa hujaliwasha, kitufe hicho hicho kinarudisha mwanga.

Nyingine ni waya wa masikioni. Ukichomeka, simu haihitaji tena kujua shavu liko wapi, kioo kinabaki. Mimi abiria akipiga nina kimoja sikioni muda wote. Hata ile ya Bluetooth inafanya hivyo. Ukitaka kubonyeza namba za huduma kwa wateja hii ndiyo njia pekee iliyonifaa.

Na kwenye baadhi ya simu, ukifungua mipangilio ya programu ya kupigia, utakuta swichi ya kuzima sensa kabisa. Angalia huko kwanza. Ukiizima uwe unaangalia shavu lako, maana kioo kitabaki wazi sikioni.

Mleta mada:

Wakuu, mrejesho. Nimefanya jaribio la voisi: sauti imehamia sikioni na giza likaingia, simu ikiwa mezani. Nimebandua protekta, hali ile ile. Nimepiga namba za vipimo, inasema kuna kitu karibu. Nikasugua pale juu kwa spiriti, nikavua kava, nikarudia. Sasa inasoma mbali, nikisogeza kidole inasoma karibu. Nimempigia shemeji na nimekata mwenyewe! Sijajua kati ya kava na uchafu ni nani mwenye kosa, kesho nairudishia kava nione.

Mchuuzi_wa_Sido (Mbeya):

Hongera mkuu. Na mimi nisaidieni hapo hapo: yangu kwenye simu haina shida, ila nikiitoa mfukoni inaniandikia nisifunike sehemu ya juu, na sijafunika kitu. Kugonga kioo mara mbili ili kiwake nako kumegoma.

FundiMkaaKona (Kariakoo):

Hiyo ni sensa ile ile, mkuu. Kuna ulinzi wa mfukoni unaoitumia ili simu isijipige yenyewe ikiwa kwenye suruali. Inadhani bado iko mfukoni. Unaweza kuuzima huo ulinzi kwenye mipangilio ya kufunga kioo, lakini anza na kava na uchafu kama mwenzako. Una protekta ya aina gani?

Mchuuzi_wa_Sido (Mbeya):

Ile yenye ukingo mweusi.

Sangara_mbichi (Mwanza):

😂😂 Bandua.